Ndugu Hapatikani

Kazini walimwita Mtaalamu. Si kwa heshima sana. Ni jina ambalo watu humpa mtu wanayemhitaji printa ikikwama na kumsahau ikishatema karatasi. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu kidogo kuliko milango mingi ya hospitali ile, na kwa mazoea alitembea ameinama hata pasipo na mlango. Ofisi yake ilikuwa chumba cha mwisho kule nyuma, zamani stoo ya vitanda vibovu, na walipozihamisha takataka zao kitanda kimoja walikisahau humo. Yeye akakipa kazi. Aliweka juu yake nyaya, kibodi zilizong'oka meno, na kompyuta mbili zilizokufa ambazo hakuwa na moyo wa kuzitupa. Kila aliyechungulia alitoa utani uleule kuhusu kompyuta zilizolazwa, akauliza zitaruhusiwa lini kwenda nyumbani, na Mtaalamu kila mara alicheka kama mtu anayeusikia kwa mara ya kwanza.

Alikuwa mpweke, na sioni sababu ya kulizungusha neno hilo. Alipanga chumba na sebule katika nyumba ambayo wapangaji wake walijuana kwa salamu na kwa zamu ya kufagia uani. Alipika katika sufuria kubwa ya familia, kwa sababu ndogo hakuwahi kununua. Alishawahi kuishika dukani, akaigeuza, akagonga kitako chake kwa kucha, akairudisha. Kwa hiyo akipika leo alikula kesho na keshokutwa, na chakula cha siku ya tatu alikila amesimama. Redio yake ilizungumza tangu akirudi mpaka alale, na ungemuuliza imesema nini asingejua.

Simu yake ilikuwa wazi saa zote. Akiingia kuoga aliiacha kwenye ukingo wa dirisha, mahali ambapo angeiona ikiwaka. Akilala aliiweka kando ya mto, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Na ajabu ni kwamba hakuna aliyempigia. Wodini walipiga kwa ajili ya printa. Kampuni ya simu ilimtumia matangazo ya vifurushi. Kuna mama mmoja alikosea namba, akadhani anaongea na fundi bomba, na Mtaalamu akamsikiliza habari za bomba lake mpaka mwisho ndipo akamwambia kwamba amekosea.

Zamani hakuwa hivyo. Zamani Ijumaa jioni akifika nyumbani alizima simu, na hakuiwasha mpaka Jumatatu akishakaa kwenye kiti cha ofisini na chai yake mkononi. "Hawa wa wodini wakijua uko hewani hulali," alikuwa akisema. Mama yake, aliyeishi mji mwingine, mwendo wa saa chache kwa basi, alimcheka kwa desturi hiyo lakini hakumkataza. Mama alikaa peke yake tangu baba yao atangulie. Watoto walikuwa wawili tu: dada mkubwa, anayefanya kazi nje ya nchi, na huyu, kitindamimba. Dada alimlea mgongoni, akamfunza kusoma kwa kumpiga makofi ya mapenzi, na mpaka mtu huyu anaota mvi dada hakumwita jina lingine zaidi ya Kitinda.

Basi Jumamosi moja, yapata miaka miwili sasa, mama alianguka dukani akinunua sabuni. Wasamaria wema wakamfikisha hospitali, na hospitali yenyewe ilikuwa tawi la hii hii anayofanyia kazi mwanawe, ila kule hakuna aliyemjua. Akaandikishwa hali akijieleza vizuri. Akaulizwa namba ya ndugu wa karibu, akaitaja ya mwanawe wa kiume. Jumapili, kabla ya mchana, akafariki. Kwenye kumbukumbu yake muuguzi akaandika maneno mawili: ndugu hapatikani. Mpaka Jumatatu, jirani alipoanza kumuulizia kila mahali na kumkuta chumba cha maiti, ndipo Mtaalamu akapigiwa. Simu ndiyo kwanza ilikuwa imewashwa, chai bado ya moto.

Dada alifika kwa ndege kwa ajili ya mazishi. Makaburini, muuguzi mmoja wa tawi, mtu mwema aliyekuja kuwapa pole kwa hiari yake, akasema mbele ya shangazi na wajomba, "Tulijitahidi sana kumpigia ndugu yake. Hakupatikana." Macho yote yakamgeukia mmoja. Naye Mtaalamu akasema, "Mtandao ulikuwa mbovu siku zile mbili." Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Wajomba wakatikisa vichwa, wakaulaani mtandao, maana mtandao hauna mtetezi. Dada peke yake hakutikisa kichwa. Alimwangalia kwa muda mrefu, kisha akaangalia pembeni.

Tangu siku ile dada hakuzungumza naye. Akipiga, simu inaita mpaka inachoka. Akiandika ujumbe, unasomwa, jibu haliji. Neno moja tu ndilo lililomfikia kwa mzunguko: dada alimwambia shangazi kwamba mama yao amekufa akiwa na watoto wawili wazima na bado ameandikwa ndugu hapatikani. Shangazi, ambaye hakuumbiwa kukaa na neno, akalifikisha.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yake yeye ilikuwa na miaka miwili na haijaonyesha dalili ya kuisha. Alichokitaka duniani kilikuwa kitu kimoja, dada yake apokee simu. Baba hakuna, mama hakuna, mke hakuwahi kupatikana, na marafiki ni wa kuulizana habari za mpira kwenye korido. Aliyebaki anayeweza kumwita Kitinda ni mtu mmoja, na mtu huyo amefunga mlango.

Hapo ndipo mkuu wa kitengo alipomletea kazi ya tawi. Mfumo wa kule ulikuwa wa zamani, uliotengenezwa na mkandarasi ambaye hakuna aliyekumbuka hata sura yake, na sasa ilitakiwa kumbukumbu zote za wagonjwa zihamishiwe kwenye hifadhidata ya makao makuu. "Ni kazi ya kunakili tu," mkuu alisema. Wakuu hupenda sana hilo neno "tu".

Mtaalamu alikuwa na kanuni yake. Vijana wengi ukiwapa hifadhidata wanakimbilia kusoma majina na namba zilizomo. Yeye hakusoma kilichomo kabla hajakijua chombo kilichokibeba. Aliandika skripti, mistari michache tu, iliyouliza hifadhidata swali la kawaida: nipe wagonjwa. Jibu liliporudi, skripti haikumgusa mgonjwa hata mmoja. Ilizigeukia safu zenyewe, moja baada ya nyingine, na kuzihoji. Unaitwa nani? Umetoka jedwali gani? Unabeba maneno, tarehe au hesabu? Upana wako kiasi gani? Unaruhusiwa kuwa mtupu? Alivyoona yeye, ni kama kumuuliza mgeni ukoo wake hapo mlangoni kabla ya kumtandikia kitanda.

Safu zikajibu, kila moja na mstari wake kwenye kioo. Jina la mgonjwa: maneno, herufi sitini, hairuhusiwi kuwa tupu. Tarehe ya kuzaliwa: tarehe, inaruhusiwa kuwa tupu, na hapo akatabasamu, maana wazee wengi huja hospitali na umri wa kukisia. Maoni ya muuguzi: maneno, marefu. Kisha ikaja safu ya simu ya ndugu, na Mtaalamu akasogeza kiti.

Simu ya ndugu: namba kamili. Upana: kumi na moja.

"Simu si hesabu," akakiambia kitanda. Alikuwa na tabia ya kuzungumza na kile kitanda. "Nani aliwahi kujumlisha namba za simu?"

Namba ya simu, hata ikiitwa namba, huhifadhiwa kama maneno, kwa sababu ukiihifadhi kama hesabu sifuri ya mbele inadondoka. Kwenye hesabu sifuri ya mbele haina kazi. Kwenye simu, bila hiyo humpati mtu. Akashangaa kwamba tawi lilikaa miaka yote hiyo bila kulalamika. Akainua simu ya mezani akampigia muuguzi mkuu wa kule, mama mmoja mwenye sauti ya mtu anayefanya mambo mawili kwa pamoja.

"Ah, hiyo tunaijua," muuguzi mkuu akasema. "Sifuri tunaongeza wenyewe. Mtu akianza kazi hapa ndicho kitu cha kwanza anachofundishwa. Ongeza sifuri mwenyewe."

"Tangu lini, mama?"

"Mimi nimeikuta. Na niliyempokea aliikuta. Mbona inafanya kazi vizuri tu?"

Ndivyo watu wa kazi walivyo. Mlango ukiwa mbovu wanajifunza kuuinua kidogo wakati wa kufunga, na baada ya mwaka ukiwaambia mlango ni mbovu wanakushangaa wewe. Mtaalamu akashukuru, akakata, akarudi kwenye kioo chake. Ile kumi na moja ilikuwa bado inamsumbua. Alielewa mkandarasi alichodhani. Aliona kumi na moja akasema, vizuri, tarakimu kumi na moja, simu yoyote itaingia. Kosa hilo limewaumiza mafundi wengi. Upana ule ni wa maonyesho tu, ni nafasi ya kuandikia, hausemi kitu kuhusu kinachoweza kuingia. Namba kamili ya aina ile ina ukomo wake, bilioni mbili na ushei, uiandikie upana wowote unaotaka.

Namba ya hapa nchini, sifuri ikishadondoka, ni ndogo. Inaingia bila shida. Lakini mtu akitaja namba yake ndefu, ile yenye tarakimu za nchi mbele, inapita ukomo. Na hifadhidata ile ya zamani haikuwa na ujasiri wa kukataa. Ukiipa namba kubwa kuliko uwezo wake haikupiga kelele. Iliinyoa namba yako, ikaweka ya kwake, ile ya ukomo wenyewe, na kumwambia mwandishi kwamba mambo yamehifadhika.

Mtaalamu akaitafuta namba hiyo ya ukomo katika safu ya simu. 2147483647. Ikarudi na majibu mpaka kioo kikajaa, akateremsha, kikajaa tena. Wazee, watoto wachanga, akina mama wa uzazi, watu wa miji tofauti na makabila tofauti, wote wana ndugu mmoja mwenye namba moja ya simu. Namba hiyo haikuwa ya mtu yeyote.

Akampigia tena muuguzi mkuu.

"Namba hiyo?" Muuguzi mkuu akacheka kidogo. "Hiyo ni maarufu hapa. Tunatania kwamba huyo ndugu ana ukoo mkubwa. Zamani walikuwa wanajaribu kuipiga, inasema namba haipo. Siku hizi tukiiona hata hatuhangaiki. Inamaanisha ndugu hapatikani."

"Hamuipigi kabisa?"

"Tuipigie nini, Mtaalamu? Hapatikani."

Akaweka mkonga wa simu chini taratibu. Alikaa akiangalia mikono yake. Jambo lilikuwa linamkaribia na alilijua kabla halijafika, jinsi mtu anavyojua hatua za mwenye nyumba siku ya kodi. Kwa miaka miwili alikuwa na ufunguo wa kumbukumbu zile na hakuwahi kuifungua ya mama yake. Alijiambia ni maadili ya kazi. Maadili gani, alikuwa anaogopa.

Akaongeza jina la mama mwishoni mwa swali. Vidole vilikosea mara mbili, jina ambalo ameliandika kwenye fomu tangu shule ya msingi. Mstari ukaja mmoja. Jina, herufi zote zipo. Tarehe ya kuzaliwa, tupu. Simu ya ndugu, 2147483647. Maoni ya muuguzi: ndugu hapatikani.

Alielewa yote kwa pamoja. Ile simu ya mama ilinunuliwa na dada, likizo ya mwisho aliyokuja, na dada ndiye aliyekaa naye jioni nzima akimwandikia majina, kila namba kwa urefu wake na tarakimu za nchi mbele, ili mama akija kumtembelea huko nje asipate tabu kuwapigia watu wa nyumbani. Mama alisoma kitu kama kilivyoandikwa. Pale mapokezi alishika simu mbali na macho akaisoma namba ya mwanawe tarakimu kwa tarakimu, mwanzo mpaka mwisho, na karani akaipokea, na kompyuta ikaitupa. Mtaalamu akaamua palepale kwamba hili la nani aliandika namba dada hatalisikia kutoka kwake, si leo wala siku nyingine.

Lakini lililobaki lilikuwa lake, na lilimjia kama pumzi. Hawakunipigia. Miaka miwili amelala na simu kando ya mto akijiadhibu kwa mlio ambao haukuwahi kulia. Pale makaburini walisimama waongo wawili, yeye na mtandao wake, na yule muuguzi na "tulijitahidi sana" yake, na kila mmoja aliufunika uongo wa mwenzake bila kujua. Alisimama akatembea kutoka dirishani mpaka mlangoni. Alitaka kumwambia mtu. Katika hospitali nzima yenye watu mamia hakumpata wa kumwambia, ikabidi akiambie kitanda.

Simu yake ya mkononi dada asingeipokea. Basi akapiga sifuri kwenye simu ya mezani, akapata swichibodi, kwa mama anayeunganisha simu zote za jengo.

Mama Swichibodi alikuwa na umri wa kustaafu na hakustaafu. Alijua sauti ya kila mtu katika jengo lile na magonjwa ya wake zao.

"Nje ya nchi?" akasema. "Hiyo inataka kibali cha mkuu, mwanangu."

"Ni habari za mfumo wa tawi, mama."

"Habari za mfumo. Sauti yako si ya mfumo. Haya, taja namba. Lakini ni dakika chache, na mkuu akiniuliza, umenidanganya."

Ikaita. Ikaita tena. Mtaalamu alikuwa amesimama, mkonga ameushika kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akaisikia sauti aliyokuwa akiitamani.

"Haloo?"

"Dada. Ni mimi."

Dada hakukata.

"Hii ni simu ya nani?" dada akauliza. Sauti yake ilikuwa imezeeka.

"Ya kazini. Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Umepatwa na nini?"

"Sijapatwa na kitu. Nina neno moja tu, nikishalisema unaweza kukata." Akalimwaga lote bila kuvuta pumzi, habari za tawi, na hesabu, na ukomo, na wagonjwa wote wale wenye ndugu mmoja asiyekuwepo. "Namba yangu haikuwemo, Dada. Iliharibika siku ileile mama alipoandikishwa. Hawakunipigia. Hawakuwa na namba ya kupiga."

Akangoja. Kule upande wa pili kulisikika mlango ukifungwa, kisha kiti.

"Kwa hiyo," dada akasema polepole, "Jumamosi ile simu yako ilikuwa wazi."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayesogea kwenye benchi ili mwenzake apate pa kukaa. Mtaalamu aliiona ile nafasi. Lilihitajika neno moja, ndiyo, na neno hilo halikuwa na wa kulipinga, mama ameshazikwa na kompyuta yenyewe ni shahidi wake. Angesema ndiyo, na dada angelia, na angeombwa msamaha yeye. Wangepigiana simu kila wiki. Angeulizwa kama amekula. Alilitaka neno hilo mpaka likamkaa mdomoni.

"Ilikuwa imezimwa," akasema. "Tangu Ijumaa jioni. Hata wangekuwa na namba wasingenipata. Ile ya mtandao niliwadanganya."

Alifumba macho akingoja ule mlio wa simu iliyokatwa.

"Najua," dada akasema.

"Shangazi alikwambia?"

"Shangazi angejuaje? Mama alinipigia."

Mtaalamu akakaa. Hakukiona kiti, alikaa kwenye kile kitanda, juu ya nyaya.

"Jumamosi, mchana," dada akaendelea, na sasa sauti ilikuwa inamtoka vipande vipande. "Akasema ameanguka lakini hajavunjika, yuko hospitali, chaji inaisha. Akasema amekujaribu wewe kwanza, lakini wewe ni duka, wikiendi unafunga. Alicheka, Kitinda. Mama alicheka. Akaniambia, mtafute mdogo wako mpaka umpate, yeye ndiye aliye karibu. Nikakupigia. Mara tatu. Mara tatu tu. Nikasema huyu na wikiendi zake, nitampata Jumatatu. Nikavaa nikaenda kazini. Ningeweza kupiga hospitali, sikupiga. Ningeweza kumpigia jirani, sikupiga. Niliona ni mtu ameanguka tu, kesho atakuwa nyumbani."

"Hukusema," Mtaalamu akasema. Hakuwa analaumu. Alikuwa haamini.

"Ningesemaje? Pale makaburini uliposema mtandao nilijua unaongopa. Nilitamani nikuumbue mbele ya watu wote. Kisha nikaona nikifungua mdomo wataniuliza, wewe ulijuaje kwamba hakupatikana? Nikafunga. Nikaja huku nikawa namwambia kila mtu kwamba ni wewe. Shangazi nilimwambia ni wewe. Mpaka nikakaribia kuamini." Akavuta pumzi. "Nikiona jina lako kwenye simu naigeuza kifudifudi mezani mpaka inyamaze. Si hasira. Hasira iliisha zamani. Niliogopa ungeniuliza, Dada, wewe uliambiwa lini."

Mtaalamu alitaka kumwambia pole, lakini neno lilikuwa dogo. Alitaka kumwambia kwamba mama alikuwa na watoto wawili na kila mmoja alimwachia mwenzake, na hilo dada alilijua kuliko yeye. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, mkono mmoja ulishika mkonga na mwingine ulishika ukingo wa kitanda. Upande wa pili nako alisikia mtu anavuta kamasi, akijizuia, akashindwa. Wakakaa hivyo, kila mmoja kwenye nchi yake, hakuna aliyeongea, wala hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuaga.

Laini ikalia kidogo, Mama Swichibodi akaingia.

"Haloo? Mbona huku kimya? Mmemaliza, nikate?"

Mtaalamu akaubana mkonga sikioni.

"Usikate, mama," dada akasema. "Tunaongea."